Mdoli Aliyeonja Chai Yangu

Mama mkwe wangu alikuwa akija kwangu na maji yake. Chupa ya dukani, kizibo hakijaguswa, anaiweka mapajani na kuishika kwa mikono miwili. Nikimkaribisha chai, amekunywa njiani. Nikimkaribisha chakula, amefunga. Alifunga Jumanne, alifunga Alhamisi, alifunga hata Krismasi, mpaka mimi Mwislamu nikamwambia, "Mama, sasa unanishinda hata mimi kwa kufunga." Akacheka sana. Kisha akafungua chupa yake mwenyewe, kizibo kikalia, akanywa.

Nilijua maana yake. Kila aliyekulia Kigali anaijua. Hapa kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na anayemimina huonja kwanza, hata kama ni soda, hata kama anammiminia ndugu yake wa tumbo moja. Ni adabu tu, mkono unaifanya wenyewe, wala hakuna anayekaa kufikiria ilitoka wapi. Lakini mtu anayekuja na chupa yake kutoka kwake hajaacha nafasi ya adabu. Huyo amekuambia jambo, tena amekuambia ukiwa umekaa kwenye kochi lako.

Chanzo chake ni pilau. Baba mkwe alikula kwetu siku ya Idi, akala vizuri, akaomba na ukoko. Jioni tumbo likamshika, akalazwa, na hakurudi tena nyumbani. Daktari alituambia sote tukiwa tumesimama pamoja kwamba ini lilikuwa limekwisha siku nyingi, na mzee mwenyewe alikuwa akijua na akaficha. Tulisikia wote. Lakini msibani, kwao Rebero, nikiwa napita na vikombe, wifi yangu alimwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, "Baba alitoka hapa mzima." Basi, hayo tu. Hakuna aliyesema sumu, hakuna aliyesema mchawi. Wangesema ningewajibu, maana mdomo ninao. Utajibu nini kwa mtu aliyefunga?

Na mimi nilikuwa mtu rahisi kushukiwa. Babu wa baba yangu alikuja huku na biashara kutoka pwani, akapitia Tabora, akaoa, akabaki. Tumekuwa Wanyarwanda vizazi vyote hivyo, lakini ukigombana na mtu sokoni utasikia, "Wale wa pwani, wana mambo yao." Mume wangu alikulia Mwanza katika familia ya kanisa, wakahamia huku wote, akasilimu ili anioe. Wifi alisema tangu siku ya nikahi kwamba kaka yake amelishwa limbwata. Alisema kwa utani. Nami nilicheka kwa utani, huku nimeuma meno.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka katika dunia hii kilikuwa kidogo. Nilitaka mama mkwe anywe chai yangu, kikombe kimoja, nyumbani kwangu, bila kuangalia ndani yake. Nilijiambia siku atakayokinywa, habari ya pilau itakuwa imezikwa na mimi nitakuwa mke katika ile familia kama wake wengine.

Sasa mdoli. Mume wangu ni fundi wa vitu vya umeme, redio, printa, simu zilizoanguka majini. Mimi ni fundi cherehani. Tuna kibanda kimoja Kimisagara, upande huu nguo, upande ule waya, na katikati tumeweka pazia ambalo halifungwi. Siku moja aliniita kuangalia kwenye simu yake watu wa mbali huko waliokuwa na mdoli mkubwa wa mota. Watazamaji wanaandika neno, mdoli anatii. Wakiandika "kichwa" anageuka, wakiandika "mkono" anapunga, yote yanaonekana papo hapo. Macho ya mume wangu yalikuwa yanawaka. "Mke wangu," akasema, "mimi namjua ndani, wewe unamjua nje. Tumtengeneze wa kwetu, azungumze Kiswahili, atazamwe Bujumbura na Bukavu na Dar." Nikamwambia dunia imejaa watu wasio na kazi, sisi tunayo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiria kitambaa cha kumfanyia ngozi.

Tulimfanya bibi mzee, kwa sababu mzee husamehewa akienda polepole. Kichwa nilikichonga kwenye sponji la godoro kwa kisu cha jikoni. Ngozi nilijaribu vitambaa vingi, mwisho nikatumia soksi ndefu za kike, moja juu ya nyingine, nikazivuta na kuzishona kwa ndani mpaka makunyanzi yakakaa yenyewe kwenye mashavu. Mume wangu alipitisha waya za breki za baiskeli ndani ya vidole, akazifunga kwenye mota ndogo alizozitoa kwenye printa zilizokufa na midoli ya watoto. Macho yalikuwa mipira ya tenisi ya meza. Nikamvika mshanana wa hariri, lile vazi letu la sherehe, nikamfunga begani kama bibi anayekwenda harusini.

Siku ya kwanza alipowashwa, aligeuza shingo kwa kasi nikapiga kelele. "Bibi gani huyu anageuka kama kuku aliyeona mwewe?" Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akarudi kwenye kompyuta yake akapunguza mwendo. Usiniulize alipunguzaje. Ninachojua ni kwamba jioni ile Bibi aligeuka taratibu, akanitazama, akafumba macho na kuyafumbua, nami nikajikuta nimesema "Shikamoo" kabla sijakumbuka kwamba namsalimu sponji. Tulipendana sana miezi ile. Nasema hivyo bila haya. Tulikuwa tunagombana kuhusu sentimita moja ya uzi huku tumeshikana mikono.

Laivu zetu zilikuwa jioni, tukishafunga mlango wa kibanda. Bibi alikuwa mwenye nyumba, na kila siku tulimletea mgeni kutoka mtaani. Mimi nilikuwa mkaza mwana wake, napika chai, namimina, naongea. Mume wangu alikaa nyuma ya kamera na kompyuta, akiangalia maneno ya watu yanavyoingia. Bibi aliyafuata kwa zamu, la kwanza kufika ndilo la kwanza kutekelezwa.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama muuza mkaa wa mtaa wetu, mwanamke wa maneno mengi. Nikammiminia chai, nikaiweka mbele yake, akaishika. Hapo komenti zikaanza kumiminika, na zote zilikuwa za watu wa Kigali. Bibi hajaonja! Mnampa mgeni chai mwenye nyumba hajaonja? Adabu iko wapi? Muuza mkaa akasomewa, akaweka kikombe chini upesi. "Ni kweri," akasema na Kiswahili chake cha Kigali, "mimi naona mudori iko ananiangaria tu, hataki kukunywa, anataka mimi tu ndio nikunywe." Tulicheka mpaka taa ikatikisika. Watazamaji wa Dar hawakuelewa tunacheka nini, wakawa wanauliza, na watu wa hapa wanawaeleza.

Basi mume wangu akamwongezea Bibi mdomo. Alinunua pampu ndogo ya gari, ile ya kurushia maji kwenye kioo, akaificha kifuani, mrija mmoja ukatokea nyuma ya midomo, mwingine ukashuka kwenye dumu tumboni. Ukiandika "onja", Bibi anainama, anafikisha mdomo kwenye kikombe kidogo kilichofungwa mkononi mwake, pampu inavuta, chai inashuka. Kisha anainua kichwa na kukitikisa kama amependa sukari. Hakuna jambo la Bibi lililopendwa na watu kuliko hilo. Mimi pia nililipenda. Mpaka lilipoanza Ua.

Ua ndivyo nilivyomwita. Ilikuwa akaunti isiyo na picha ya mtu, ina ua jekundu tu, na jina la herufi zisizosomeka. Haikuwahi kusema habari za jioni, haikuwahi kucheka, haikuomba Bibi apunge mkono. Neno lake lilikuwa moja. Nikimimina chai, kabla sijaweka chupa ya chai mezani, Ua anaandika "onja". Jioni ya kwanza sikujali. Jioni zilizofuata nikaanza kusubiri. Nikimimina maziwa, Ua kimya. Nikileta juisi ya dukani, Ua kimya. Nikimimina chai niliyoipika kwa mkono wangu, "onja". Muuza mkaa alipomimina siku moja kwa niaba yangu, Ua hakusema neno, na chai ilikuwa nimeipika mimi! Nikasema ala, huyu hana shida na chai, ana shida na mkono.

Damu ilinichemka. Huyu ni mtu anayejua. Si mtu wa Bukavu wala wa Dar, ni mtu aliyekuwepo msibani na kusikia lile neno, na sasa kila jioni ananinyooshea kidole mbele ya umati wa watu, nami natabasamu. Nilimwambia mume wangu amzuie. Akasema, "Mtazamaji ni mtazamaji, mama. Ukianza kuzuia watu, laivu itakufa." Hakuniangalia aliposema hivyo. Nikadhani amechoka.

Nilimshuku wifi kwanza, nani mwingine? Nikamwalika awe mgeni wa Bibi. Nilijua atakuja, anapenda kuonekana. Alikuja amesuka, amepaka, akakaa kwenye kiti cha mgeni, na mimi kwa utamu wote niliojaliwa nikamwambia, "Wifi yangu, kwenye laivu simu huingiza kelele, nipe nikuwekee." Nikaifungia kwenye droo ya vifungo. Nikamimina. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Ua akaandika "onja".

Bibi akainama akaonja. Wifi akacheka, akapiga makofi, akasema Bibi ana adabu, na chai yenyewe hakuigusa, alisema ana gesi. Nilimrudishia simu yake na shukrani nyingi. Moyoni nilikuwa nimemwondoa yeye na kubaki na mmoja.

Fikiria jinsi nilivyokuwa. Mama mkwe wangu ana simu, tulimnunulia sisi. Anatazama laivu zetu zote, huniambia "jana Bibi alipendeza". Mama mtu mzima, anaimba kanisani, ananiita mwanangu, halafu anajificha nyuma ya ua! Nilikosa usingizi. Nikawa namtazama mume wangu akila na kujiuliza nimwambie au nisimwambie kwamba mama yake ndiye. Ningemwambiaje mtu kitu kama hicho? Nikapiga moyo konde nikaamua kwenda mwenyewe Rebero, jioni ya laivu, nikae karibu naye nione vidole vyake.

Nilimwambia mume wangu aendeshe peke yake siku hiyo, akae kiti changu na muuza mkaa awe mgeni, nimepata oda ya haraka ya gauni la kwenda kupima. Nikapanda moto, pikipiki zetu za abiria, tukapanda kile kilima upepo unanipiga kwenye kofia, nikiwa nimeshayapanga maneno yote. Wifi hakuwepo, alikuwa kwaya. Mama mkwe alinifungulia mwenyewe. Simu yake ilikuwa tayari imesimamishwa kwenye bakuli la matunda, Bibi yuko kwenye kioo, anapunga.

"Karibu mwanangu. Leo hauko kazini?"

"Nimekuja tutazame pamoja, Mama."

Akaniletea chai. Akaonja, akanipa. Nikainywa yote, makusudi, niliinywa namtazama. Tukakaa. Mikono yake aliiweka mapajani, na simu ilikuwa mbali naye. Nikasubiri.

Kwenye kioo mume wangu alikuwa amekaa kiti changu, kola ya blauzi ya ndani ya Bibi imepinda. Siwezi kuona kola imepinda nikanyamaza. Nikampigia. "Kola," nikamwambia. "Haya, naiweka sawa," akanijibu sikioni. Lakini kwenye simu ya mama mkwe mume wangu alikuwa bado amekaa anacheka na muuza mkaa, simu yake iko mezani hata haijaita. Nikavuta pumzi, nikashusha. Ndipo nikamwona kwenye kioo anaichukua simu, midomo inatamka "haya, naiweka sawa", anainuka, anaishika kola.

Nikakumbuka kwamba aliwahi kunieleza. Picha yetu huchelewa, inazunguka kwanza huko inakozunguka ndipo iwafikie watu. Nilimwitikia tu siku ile, kama ninavyomwitikia anaponieleza waya. Mume wangu akamimina chai. Nikazikodolea macho komenti. Za "onja" zilikuja baada ya picha kutufikia, za watu wengi, na kule kibandani zilikuwa zinafika zimechelewa kama picha ilivyochelewa. Ua hakuja.

Kumbe! Ua hakuchelewa hata siku moja. Mimi nilikuwa bado nimeshika chupa, neno lake limeshafika. Mtu wa Rebero asingeweza, mtu wa popote asingeweza. Ua alikuwa ananiona kwa macho yake, yumo ndani ya kibanda. Wageni walikuwa wakibadilika kila siku. Wasiobadilika tulikuwa wawili.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. "Sasa umekuja," akasema, "nami nikuulize. Nimekukosea nini?"

"Mimi, Mama?"

"Kila jioni unamwambia yule mdoli aonje chai yako. Unanisema mimi. Watu wote wa kanisani wanatazama, wanajua sinywi kwako. Nimekaa kimya kwa sababu ya mwanangu, lakini inaniuma." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Yaani muda wote ule, nilipokuwa namshuku yeye, alikuwa ananishuku mimi.

Nikamwambia si mimi. Nikamwapia, Wallahi si mimi. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka nikamwuliza lile jingine lililonikaa rohoni tangu msiba. "Na wewe, Mama, kwa nini huli kwangu? Unaamini nilimlisha Baba kitu?"

Alishtuka hasa. "Mimi? Mume wangu nilimzika, ugonjwa wake niliujua kabla yako. Niliosha matapishi yake mwaka mzima. Mwanangu ndiye aliyeniomba. Alisema, 'Mama, ukija kwetu njoo na maji yako, na chakula useme umefunga.' Nilidhani mmekubaliana wote wawili. Nilidhani ni mambo ya dini yenu."

Sikumbuki nilivyomuaga. Nakumbuka dereva wa moto akiniambia nishike vizuri, mama, unaegemea upande mmoja.

Nilimkuta anasafisha mrija wa Bibi kwa maji ya moto. Nikasimama mlangoni na kofia ya moto bado mkononi. Niliondoka nayo bila kujua, dereva akarudi kuidai baadaye.

"Ua ni wewe," nikasema.

Hakukana, haki yake nampa. Aliweka mrija chini, akajifuta mikono. "Nilitaka Mama aone," akasema. "Nilitaka watu wote waone chai yako inaonjwa kila siku na hakuna kitu."

"Inaonjwa na nani? Na dumu? Mdoli anakufa huyo?"

Akauokota mrija, akauweka tena.

"Na maji ya Mama? Ulimwambia aje na maji yake."

Akakaa. "Nilikuwa nakulinda wewe. Mama ni mzee, ana presha. Angekula hapa leo, kesho akaugua, wangekumaliza kwa maneno. Dada yangu unamjua."

Na ukiyasikia hivyo yana maana. Ningekuwa namsimulia mwenzangu angesema, mama, huyo ni mume, amekufikiria. Nilitaka sana kuamini. Nikamwuliza, "Na wewe? Moyoni mwako?"

"Mimi nini?"

"Unaamini nilimfanya Baba yako kitu?"

"Mke wangu," akasema, na akaguna kidogo kama ameonewa, "si nakula kwako kila siku?"

Kweli alikuwa anakula kwangu kila siku. Lakini usiku ule nikiwa nimelala na kichwa kinaniwanga nilianza kuangalia jinsi alivyokuwa anakula. Tangu msiba tulikuwa tunakula sinia moja. Yeye ndiye aliyeomba, alisema mzee wake ameondoka, anataka tuwe karibu. Nikafurahi, nikawaringia mashoga zangu kwamba mimi na wangu bado tunalishana. Hakuwahi kutangulia mkono. Alikuwa anakata tonge, analishika, ananihadithia jambo, mpaka nimemeza. Chai ya asubuhi alikunywa kibandani kwa muuza uji, eti nyumbani inamchelewesha. Nikilala homa nikampikia yeye peke yake, alikuwa hana njaa. Inawezekana nilikuwa nayatafuta. Ukishaanza kumtazama mtu hivyo, hata anavyopiga chafya utaona ana lake. Lakini sikuweza kuacha kutazama.

Kesho yake tulifungua laivu kama kawaida, maana watu walikuwa wanasubiri na sisi tulikuwa hatujui kufanya jambo lingine pamoja. Hatukuwa tumeita mgeni. Nikawaambia watazamaji kwamba leo mgeni wa Bibi ni mtu maalumu ambaye hamjawahi kumwona akinywa chai hapa, ni yule aliyemtengeneza. Nikamwona nyuma ya kompyuta anainua uso. Akatikisa kichwa kwamba hapana. Watazamaji walikuwa wamefurahi, maneno yalikuwa yanapanda kwenye kioo kwa kasi, aje, aje, tumwone fundi!

Akaja. Angefanyaje? Akakaa kiti cha mgeni, taa ya duara ikamwangaza, uso wake ukaonekana umechoka. Nikamimina chai yangu, yenye tangawizi na iliki, kama alivyokuwa akiipenda tulipooana. Kikombe cha Bibi nilikiacha kitupu. Nikamwekea yeye chake mkononi kwa mikono yangu miwili.

"Karibu chai, mume wangu."

Sikuonja. Nilikaa, nikaweka mikono yangu mapajani.

Watazamaji, kwa kuchelewa kwao, wakaanza. Onja. Bibi onja. Mbona hajaonja? Walidhani ni mchezo. Bibi akaanza kuinama kwenye kikombe kitupu, pampu inavuta hewa, inakoroma, anainuka, anatikisa kichwa kwamba chai ni tamu, anainama tena. Hakukuwa na mtu kwenye kompyuta wa kumzuia. Mume wangu alikuwa amekishika kikombe kwa vidole vyote kumi. Akakipuliza. Akakipuliza tena. Chai ile nilikuwa nimeipooza mwenyewe kabla hatujaanza, haikuwa na mvuke hata kidogo.

Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda katika ile dakika. Nilikuwa namwombea. Nilisema moyoni, kunywa, kunywa baba, funda moja tu, nami nitasahau kila kitu, nitamsahau Ua, nitazisahau zile chupa za maji. Midomo yake ilifika kwenye ukingo wa kikombe. Ilikaa pale.

Kisha akakishusha, akakisogeza kwangu, akainamia sikio langu ili kipaza sauti kisimsikie.

"Anza wewe," akaniambia. "Si ndiyo desturi?"

Nikakichukua. Nikainywa yote, mpaka tangawizi ya chini, mbele ya watu wa Bujumbura na Bukavu na Dar, nikamrudishia kikombe kitupu. Maua na makopakopa yakajaa kwenye kioo, watu wakasema tunapendeza. Bado tunaishi pamoja, na laivu bado tunafanya. Nyumbani kila mtu anajimiminia.